Jokha binti Ghalib na Chonga wa Kiegeani

Kwanza nyamazeni, na wewe Somoe uliyekwisha kunikunjia uso kabla sijasoma neno la kwanza, ukunjue, maana najua mnachokingoja, mnangoja nifike pale pa chungu ili mnong'onezane kwamba Bi Sihaba amezeeka sasa anatunga, nami nawaambia mapema kwamba sikutunga, chungu nilikiona kwa macho haya haya, na asiyetaka kuamini aendelee na haluwa yake kimya kimya asiwasumbue wenziwe. Hii ni hitima ya siku ya tatu, mvua ya vuli imetuingiza sote ndani, wanaume sebuleni na wanawake ukumbini, mlango wa kati uko wazi, kwa hiyo hakuna wa kusema hakusikia. Mimi ni dada wa baba yake marehemu, chuoni nilitoka nikijua kusoma na kuandika wala sikuona haja ya zaidi, na jamaa wamenitaka niyaseme maisha yake kama yalivyokuwa, basi kaeni vizuri, ni marefu.

Marehemu Jokha binti Ghalib alizaliwa kisiwani Chole, siku ya Ijumaa, mwezi wa Rajabu, mwaka 1299, ambao Wazungu wanauita 1882, akiwa mtoto wa pili wa kaka yangu Ghalib, ambaye babu zake walitoka Omani na kwa muda mrefu hawakutuacha tusahau, na wa mkewe Chiku, mwenyeji wa hapa hapa Kiegeani, mwanamke wa jembe na kisu, aliyeipanda kwa mikono yake nusu ya minazi mnayoiona mkichungulia dirishani. Mtoto wa kwanza hakuishi, kwa hiyo Jokha alilelewa peke yake, akazoea kuzungumza na chochote kilichopita mbele yake, kuku, kaa, siafu, na hakuna aliyemkataza kwa kuwa alikuwa hamsumbui mtu.

Mwaka 1306 alitiwa chuo palepale Chole, akahitimu Kurani mwaka 1310, ingawa mwalimu alimlalamikia baba yake kwamba mtoto ana akili lakini macho yake yako chini ya mkeka anafuata sisimizi wanakokwenda, na Ghalib alipomuuliza mwanawe sababu, alijibu kwamba jana walikuwa wengi na leo wachache, anataka kujua wengine wamekwenda wapi. Alipigwa fimbo mbili, na swali lake halikujibiwa.

Baada ya chuo alikaa na mama yake akijifunza kazi za shamba, kuchagua nazi ya mbegu, kuiatika, kuhamisha miche, kufua nazi, kukausha mbata, na kusuka makuti, na ninyi mnaoezekea makuti yake hadi leo mnajua mkono wake ulivyokuwa. Mwezi wa Shaabani, mwaka 1317, aliolewa na Shamte bin Kombo wa Miburani, mfugaji wa ng'ombe, na upande wetu wakanung'unika kwamba binti wa Ghalib anakwenda kunuka samadi, nikawaambia kwamba kunuka samadi ni jambo la kuoga likaisha, lakini mume mwenye adabu tutampata wapi tena, na Shamte amenitoa aibu miaka yote hii, Mungu amlipe. Siku ya harusi Chiku alimpa bintiye shamba lake la Kiegeani kwa mkono wake, mbele ya mashahidi, akamwambia neno moja tu, "Usiniachie likawa vichaka." Mwaka 1319 akazaliwa Arafa, huyu aliyekaa ubavuni pangu, na mwaka 1322 akazaliwa Mwanahalima, ambaye hakumaliza mwezi, na nyuma ya Mwanahalima hakupata mwingine. Chiku naye alifariki mwaka huo huo, akiwa ameshika mkono wa bintiye, bila kurudia lile neno la vichaka, lakini Jokha alisema macho yalikuwa yanalirudia.

Sasa nafika kwenye masika ya mwaka 1323, mwezi wa Mfunguo Tano, pale upepo ulipovuma juu ya Kiegeani siku nzima na kuiangusha minazi huku na huku kama walevi. Arafa alikuwa mdogo, vijana wengine hamkuzaliwa, kwa hiyo niwaeleze ilivyokuwa desturi yetu. Shamba letu minazi yake imechanganyika, huu wa huyu, ule wa yule, ardhi moja na wenyewe wengi, na mnazi ukianguka, mwenye mnazi haliondoi gogo lake, analiacha papo hapo, kwa sababu gogo ndilo shahidi kwamba mahali hapo ni pake na ana haki ya kupanda mwingine. Usipokuwa na gogo huna neno. Na msiicheke desturi hiyo, kaka yangu mwingine, Sleyum, baba yake Tahir huyu, alikuwa na minazi kule Ras Kisimani, ikafa, akauza magogo yake kwa wachoma chokaa, na alipokwenda kupanda upya aliulizwa, "Shahidi wako yuko wapi?" akarudi na miche yake begani, akaiacha ikakauka barazani, na Tahir alikuwa mtoto wakati huo, aliyaona.

Basi magogo ya mwaka 1323 yakaachwa yalale, ya kila mtu, na ya Jokha yakiwa mengi kuliko ya wengine, na kwa miaka miwili hapakuwa na kisa. Mwaka 1325 makuti mapya yakaanza kufunguka yakiwa yamekatwa pembe pembe kama mtu amepita na mkasi, kisha moyo wa mnazi ukaoza, kichwa kikadondoka, mti ukabaki kama mlingoti. Alikuwa chonga, yule mdudu mweusi mwenye kipembe, aliyekuwapo tangu babu na babu lakini mmoja hapa mmoja kule, mtu akimwona alimwita mtoto aje amtazame, na sasa jioni walikuwa wakigonga taa na kuanguka kwenye sahani. Kila mnazi aliouua ulianguka ukawa gogo, na gogo likalala na wenziwe, na mwaka uliofuata walikuwa wengi zaidi.

Watu walisema mengi. Walisema chonga analetwa na upepo kutoka bara, kule Mrima, wengine wakasema ni husuda, na wako waliosema, nao wamo humu, kwamba ni ng'ombe wa Shamte. Jokha alimtuma Shaabani mkwezi, naye alipanda kila mnazi na waya wenye ncha ya kulabu, akimchokoa chonga ndani ya shimo lake na kumtupa chini, mpaka siku moja akateremka, akaukunja waya wake na kusema, "Bibi, leo namtoa mmoja, kesho namkuta ndugu yake amelala palepale, kitanda hakijapoa. Wanatoka wapi hawa?" Jokha hakujua, na kwa kutojua akafanya kosa lake kubwa, aliihurumia minazi, akachukua samadi ya mumewe, akairundika shinani mwa kila mnazi mgonjwa ili upate nguvu, na ile iliyobaki akaifanya rundo kubwa nyuma ya nyumba, na mwaka huo akapoteza minazi kuliko mwaka wowote. Nilimkuta amekaa chini ya mnazi wa kwanza wa mama yake, umebaki nguzo, akaniambia, "Shangazi, mimi nimeupa chakula ukafa," nami nikamwambia aondoke kwenye jua.

Mwezi wa Rajabu, mwaka 1326, akigeuza ile samadi kwa jembe, alikuta mabuu meupe, manene kama kidole gumba, yamejikunja, na kila mtu aliyeulizwa alisema hayo ni mabuu tu, hayana uhusiano na mtu. Jokha akaenda kwenye gogo, akalipasua kwa shoka, akakuta mabuu yale yale. Ndipo alipochukua chungu changu cha kupikia wali, bila kuniomba, akatia samadi, akatia mabuu, akafunika kitambaa na kukikaza kwa kamba, akakiweka chini ya kitanda pasipofikiwa na kuku, na Shamte mwanamume mpole akavumilia mpaka usiku alioisikia mikwaruzo, akasema, "Mke wangu, mbona tumekuwa wengi chumbani?" naye akamjibu, "Wewe lala, hao hawajaota pembe bado." Mfunguo Mosi, Idi imepita, tulikuwa tumekaa uani tunachambua mchele, mimi na Somoe na wengine wawili ambao sasa ni marehemu, Jokha akakileta chungu, akafungua kitambaa, akatoka chonga, mweusi, anang'aa, pembe yake tayari, akafuata wa pili. Wewe Somoe, ulipiga ukelele ukapanda juu ya kinu, na kinu kile kiko pale uani, ukipenda nitakuonyesha ulipokanyaga.

Kutoka siku hiyo Jokha hakuuliza tena chonga analetwa na nani, alianza kuuliza analelewa wapi, na maswali hayo mawili hayafanani hata kidogo. Samadi akaitandaza juani yote, akamwambia Shamte zizi lisogezwe, likasogezwa. Lakini magogo yalikuwa mamia, na sehemu kubwa hayakuwa yake, na hapo ndipo shida yake ya kweli ilipoanza.

Mwezi uliofuata alivuka kwenda Chole kulizuru kaburi la baba yake, akainua macho, akaona minazi ya Chole vichwa vyake vizima, makuti hayakukatwa, nazi zimejaa, upepo ule ule, bahari ile ile, na ng'ambo tunaonana kwa macho. Akamwendea Jumanne, mchoma chokaa, aliyekuwa anapanga mawe ya matumbawe juu ya tanuu, akamuuliza minazi yao ikianguka magogo yake huyapeleka wapi. "Magogo?" alisema Jumanne. "Magogo nayala mimi, Bibi. Hapa mnazi hauwahi hata kufika chini vizuri, wamekwisha niita." Akamuuliza na chonga je, Jumanne akafikiri, akasema anawaona mara moja moja, wanakuja kutoka kwenu. Jokha alirudi Kiegeani siku hiyo na kuniambia kwamba amekwisha kuelewa, wao hawana chonga kwa sababu hawana pa kuzalia, na sisi tunao kwa sababu tumewawekea vitanda shamba zima na kuviita mashahidi.

Alianza na yake. Mwaka 1327 mashua ya Jumanne ilikuja na kupakia magogo ya Jokha, yote, hata yale ya safu ya mpakani inayopakana na Tahir, nikamwonya kwamba hayo ya mpakani ayaache, akasema hawezi kuwaambia watu wachome vyao na yeye amebakiza vyake. Sasa mwanangu Tahir usiangalie chini, hakuna anayekutukana, lakini historia ni historia. Mashua haijatoka ghubani, Tahir alikuja na miche, akapanda safu ile, akasema ni yake, na walipofika kwa kadhi Jokha aliulizwa, "Gogo lako liko wapi?" akasema limekuwa chokaa. Ile safu ilikwenda, na ilikuwa minazi ya Chiku ya mwanzo kabisa. Alipotoka kwa kadhi hakulia, alinishika kilemba cha kichwani akakiweka sawa kana kwamba mimi ndiye niliyeshindwa, akasema, "Sasa nimejua wanachoogopa."

Akakaa na jambo hilo msimu mzima, kisha akaenda nyumba kwa nyumba na wazee wawili na mzigo wa vijiti vya mbono. Mbono mnaujua, ukichomeka kijiti kinashika, ng'ombe hali, chonga hataki, na makaburi mengi tunayatambua kwa mbono. Kila palipokuwa na gogo alichomeka mbono, wazee wakashuhudia kwamba mbono huu unasimama badala ya gogo la fulani, na kadhi yule yule akakubali kwamba shahidi aliye hai anafaa kuliko aliyeoza. Wa kwanza kukubali alikuwa Somoe, nampa haki yake, ingawa alifanya hivyo ili apate chokaa ya kupaka nyumba. Wakafuata wengine, mwaka 1328, mwaka 1329, mashua ikija na kurudi, na mwaka 1331 Shaabani alishuka mnazini na waya mkavu, akasema leo amepanda bure, na nilimwona Jokha anacheka kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe. Waingereza walipoingia kisiwani mwaka 1333 walikuta shamba limesimama, wakadhani siku zote lilikuwa hivyo.

Aliyekataa ni mmoja. Jokha alikwenda kwake kila mwaka baada ya Idi, na kila mwaka Tahir alimpa kahawa na kumwambia, "Dada, gogo langu ndiyo hati yangu, mbono unang'oleka." Nami sikumlaumu sana, yeye alimwona baba yake akirudi na miche begani, na zaidi ya hayo alikwisha kumnyang'anya mwenziwe kwa njia ile ile, akajua inavyopitika. Lakini kona yake ndiyo iliyobaki kitalu cha chonga, na minazi iliyo karibu nayo haijawahi kupona, na hapo karibu ndipo Arafa alipopanda miche yake mwaka juzi, mahari aliyojipa mwenyewe kama alivyosema mama yake, na sasa imefika kimo anachokipenda chonga, moyo wake laini na uko chini.

Mwezi huu wa Mfunguo Tano, mwaka 1337, ile homa ya mafua iliyovuka kutoka Mrima iliingia Miburani, ikafika hapa Kiegeani, ikamlaza Shamte, Jokha akamuuguza mpaka akasimama, kisha akalala yeye. Tabibu alitoka Kilindoni kwa miguu kwenye mvua, akatoa dawa aliyokuwa nayo, akasema ukweli, kifua kimejaa. Tahir alikuja kumwona, na hilo nalisema kwa kuwa wengine walikimbia ugonjwa, na Jokha akamwambia, "Umekuja kuniona mimi, au kuona kama mpaka uko wazi?" Wote wawili wakacheka, yeye akakohoa sana, na alipotulia akamshika mkono, akasema, "Ile safu ya mama nimekusamehe, duniani na akhera. Nipe magogo. Mtoto amepanda pale." Tahir alisema, "Pona kwanza, Dada, tutazungumza." Jokha akaniangalia mimi. Alifariki siku ya Jumatano baada ya alasiri, ndani ya chumba hiki nyuma yangu, akazikwa kesho yake Chole, ubavuni mwa baba yake, na ameacha mume, binti mmoja, na minazi ambayo sitaihesabu kwa kuwa hakuna anayeihesabu vizuri.

Jamaa wanamshukuru tabibu wa Kilindoni, ambaye baada ya hapa aliugua mwenyewe, tumwombee. Wanawashukuru majirani, Somoe hasa, aliyemwosha maiti wakati jamaa wengine wanaogopa mlango, na ulimi wangu usikudanganye, sitalisahau. Wanamshukuru Shaabani na wakwezi wenziwe kwa kuchimba kaburi, na wazee wawili wa mbono. Na wanamshukuru Jumanne na watu wake wa tanuu, ambao hamwaoni hapa, nanyi mmekuwa na adabu hamkuuliza kwa nini.

Nakuambia wewe, Tahir mwanangu, niliyekukalisha ukutani kabisa nyuma ya wazee wote, mahali pa heshima. Jana asubuhi nilikwenda kwenye kona yako na wale wazee wawili, tukachomeka mbono kwenye kila gogo lako, nami nimewashuhudisha kwa jina lako na jina la kaka yangu Sleyum, na mimi mwenyewe ni shahidi wako wa tatu, na atakayekuja kuugusa mpaka wako nikiwa hai ataujua ulimi huu unavyokata. Haki yako haijapungua hata shubiri. Ila mashua ya Jumanne ilifika ghubani maji yalipojaa, tulipokuwa tunaanza Yasini, na magogo kwenye mvua hayaendi haraka, ndiyo maana nimesoma polepole, na ndiyo maana nimeingiza hata habari za sisimizi. Hitimani mtu hatoki kabla ya dua, nawe ni mtu wa adabu, na dua ya mzee wetu huyu haijawahi kuwa fupi.

Jokha, mwanangu, umechoka na umemaliza, tulia sasa, Mola akupe kivuli kisichoguswa na kitu. Mzee, anza dua. Mimi nimeshamwombea, natoka nikamsaidie Arafa kuwaonyesha wabeba magogo njia ya mashua, na huu mlango naufunga, msinyeshewe.